Kunguni wa Stoo Namba Nne

Barua ya kampuni ilifika Jumatatu asubuhi, na kufikia Jumanne jioni Hulda alikuwa amekwisha kuikandika nyumba nzima upya. Barua yenyewe hakuisoma. Aliyeisoma ni mumewe, Lazarus Okello, mkamuaji wa ng'ombe, akiwa amesimama mlangoni na viatu vyake vya mpira vimejaa matope. Ilisema kwamba siku ya Alhamisi kamati ingekuja kukagua jengo lililoandikwa kwenye ramani ya shamba kuwa Stoo Namba Nne, ili iamuliwe kama limewahi kukaliwa na watu. Katika maneno hayo yote Hulda alisikia jambo moja tu, kwamba wageni wanakuja. Akamtuma binti yake Akello akazoe mavi ya ng'ombe mabichi, akayachanganya na udongo na majivu, akakunja mikono ya gauni na kuanza na ukuta wa mlangoni.

"Hawa watu wanakuja kupima ukuta, si kunywa chai," Lazarus alimwambia.

"Basi wapate ukuta ya kupima."

Usafi wa Hulda ulijulikana laini nzima ya nyumba za wafanyakazi, na ulikuwa na makali. Aliyeonja makali hayo zaidi ni jirani yake Esther, mama yake Kiprono. Mwaka fulani Esther alikimbia kwake jioni moja ya mvua, mumewe akiwa amelewa na kushika fimbo. Hulda alimfungulia mlango, akampa uji, akamtandikia ngozi. Lakini blanketi ambalo Esther alikuwa amejifunika alilinyang'anya palepale na kulianika nje kwenye waya, mvua ikilinyeshea. "Wewe karibu, Mama Kiprono," alisema. "Hiyo blanketi yako ndiyo sitaki. Iko na watu." Maneno hayo, ya kuwaita kunguni watu, yalichekwa pale laini mpaka yakachosha, na tangu siku hiyo Esther hakuwahi kuingia kwa Hulda na kitu chochote cha kujifunika.

Ukuta ulipokauka kidogo, Hulda alirudi nyuma hatua tatu akautazama. Aliridhika.

Ofisi ya kampuni ilikuwa kwenye veranda ya nyumba ya mzungu aliyekuwa mwenye shamba. Wafanyakazi walimwita Bwana Miwani. Alikuwa ameuza shamba na kwenda zake, akaacha mbwa wawili, ramani moja na kitabu kikubwa cha majina. Walionunua na kuunda kampuni ni wakulima mia moja na kitu, kila mmoja ameuza ng'ombe wake apate hisa, na sasa ilikuwa kazi yao kujua ni nani anabaki na nani anaondoka. Kanuni waliyojiwekea ilikuwa fupi. Mfanyakazi aliyelala shambani miaka kumi mfululizo angepewa ekari tatu. Mwingine yeyote angeondoka mwisho wa mwezi.

Jumatano Lazarus alisimama mbele ya meza, kofia mkononi. Viti vilikuwepo viwili, na vyote viwili vilikuwa na makaratasi.

"Okello Lazarus," Kibet, katibu wa kampuni, alisoma. Alikuwa kijana mwenye tai, kidato cha nne. "Kibarua wa mwezi. Analala Eldoret."

"Nalala Eldoret?"

"Ndiyo imeandikwa."

"Na ng'ombe nakamua saa kumi alfajiri? Maili kumi na mbili, kila siku, kwa miguu?"

"Mzee, mimi nakusomea kitu iko kwa kitabu. Na pahali unasema ni nyumba yako, ramani inasema ni stoo ya mahindi."

Bwana Miwani alikuwa na sababu zake za kuandika hivyo. Nyumba ya mfanyakazi, mkaguzi wa serikali angetaka iwe na dirisha na choo. Stoo haihitaji dirisha, na kibarua anayelala mjini hahitaji kujengewa chochote. Hayo Lazarus aliyajua, lakini aliona ni mambo marefu kuyaeleza mtu akiwa amesimama.

"Niko na shahidi," alisema. "Mama Kiprono ananijua tangu nifike. Mwaka wa hamsini na nne."

"Shahidi!" Kibet akacheka, si kwa ubaya. "Kila mtu hapa iko na shahidi. Juzi kuna mmoja ameleta mashahidi sita, wote wameapa kwa Biblia, na yeye amefika mwezi wa tatu mwaka huu. Tumeacha mambo ya shahidi." Akafunga kitabu. "Lakini Mzee, kwani wewe huna kwenu? Si uko na shamba huko ziwani?"

"Ndugu zangu wako nayo."

"Basi."

Kibet hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepewa kitabu na kuambiwa kwamba kitabu hakidanganyi. Zaidi ya hapo, Stoo Namba Nne ilikuwa kando ya barabara, na kampuni ilitafuta mahali pa kuweka mbolea. Mwenyekiti, Mzee Kipyego, ambaye hakujua kusoma na kwa hiyo hakukiamini kitabu sana, ndiye aliyeagiza ukaguzi wa Alhamisi, akikataa jambo hilo liishie pale mezani. Kibet akapata wazo. Mjini Eldoret kulikuwa na mtu anayeitwa Nderitu, aliyefanya kazi ya kukagua maghala ya mahindi miaka ishirini kabla ya kufungua kibanda cha mbegu. Kama jengo lilikuwa stoo, Nderitu angeona alama za fukusi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, na mabishano yangekwisha.

"Wadudu hawana kabila na hawali rushwa," Kibet alimwambia mwenyekiti, akiwa amefurahishwa na maneno yake mwenyewe.

Nderitu alikuja Alhamisi saa nne na mkoba wa ngozi. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na alivua kofia mlangoni kama anayeingia kanisani. Nyuma yake alikuwa Mzee Kipyego, kisha Kibet na kitabu, kisha watu wa laini, ambao hawakualikwa na wala hawakuhitaji mwaliko. Esther alisimama nje ya mlango, akajizuia hapohapo.

Kibet aligusa ukuta. Kidole kikatoka na tope.

"Mzee Kipyego, tazama! Hii ni nyumba ya juzi. Bado iko maji."

Hulda, ambaye alikuwa amesubiri kusifiwa, aliona haya. Akasema, "Mgeni anakuja, nisipake nyumba?"

"Hakuna neno, mama," Nderitu alisema. "Ukuta ni kama kitabu. Mtu akiongeza ukurasa, zile za zamani haziendi. Unapaka mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara moja. Kabla ya Krismasi."

"Kila mwaka?"

"Kwani mimi ni mtu gani?"

Mzee Kipyego akasema hata mke wake hufanya vivyo hivyo, na hata mama yake alifanya vivyo hivyo, ila hapo zamani haikuwa Krismasi. Nderitu akachagua pembe iliyokuwa nyuma ya kitanda, akaomba ruhusa, akakata kwa kisu kipande cha ukuta cha ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Akakiweka juu ya sahani ya bati, akasogea mlangoni penye mwanga, akatoa kioo cha kukuzia. Ubavuni kipande kilionyesha mistari ya udongo, na kati ya mstari na mstari palikuwa na weusi wa moshi.

"Kumi na tatu," alisema baada ya kuhesabu. "Na hii ya juu ni ya juzi. Kwa hivyo ni miaka kumi na mbili ya moshi."

"Hata stoo inaweza kupakwa," Kibet alisema.

"Inaweza." Nderitu alianza kutenganisha tabaka kwa ncha ya kisu, kuanzia la ndani kabisa, la zamani zaidi, taratibu, kama mtu anayemenya yai la moto. Alipuliza kidogo, akatazama, akatabasamu. "Lakini stoo haikai na hii."

Akampa Mzee Kipyego kioo. Mzee alifumba jicho moja.

"Ni nini?"

"Kunguni. Hii ni ganda yake, anavua akikua. Na hii, na hii. Zimejaa. Kunguni hali mahindi, Mzee. Anakula mtu tu, na anamla akiwa amelala."

Huko nje mtu alicheka. Hulda alisikia kicheko hicho kikipita kutoka mtu mmoja hadi mwingine mpaka barabarani. Lazarus alitazama dari. Ushindi wao ulikuwa umeanza, na Hulda alitamani ardhi impasukie.

"Chini ya tabaka la kwanza, kunguni," Nderitu aliendelea, na Kibet ikambidi aandike. "La pili, kunguni. Na chawa hapa, moja. La tatu..." Akasogeza kioo karibu. "Hapa kuna fukusi."

"Aha!" Kibet akasimama wima.

"Ngoja. Kuna fukusi nyingi na kunguni nyingi, wote pamoja. Mzee Okello, mwaka wa tatu mliwekewa mahindi ndani?"

"Magunia arobaini," Lazarus alisema. "Mwaka wa hamsini na sita, stoo kubwa ilivuja. Bwana Miwani akaleta hapa. Sisi tukalala katikati, miezi mitano. Akello ilizaliwa juu ya gunia."

Waliocheka waliacha kucheka. Nderitu alikwenda mbele na kazi yake, na ukuta ukaendelea kusema mambo ambayo hakuna aliyeuuliza. Tabaka la nane lilikuwa na viroboto na kupe, maana mwaka huo waliwekewa ndama wagonjwa walale upande wa jikoni. Kuanzia la tisa chawa walikwisha, kwa sababu Hulda alipata sufuria kubwa ya kuchemshia nguo. Mzee Kipyego alitikisa kichwa kila mara. Yeye mwenyewe alikuwa amekulia kwenye shamba la mzungu mwingine, upande wa Sugoi, na hakuhitaji kioo.

"Umeruka moja," Kibet alisema. Alikuwa anafuatilia kwenye karatasi. "Umesoma ya tano, ukaenda ya saba."

"Sijaruka. Nilikuwa nataka kuirudia." Nderitu alisogeza sahani karibu na jua. "Chini ya tabaka la sita hakuna kitu."

"Hakuna kunguni?"

"Hakuna kitu chochote."

Kibet alihesabu kwa kalamu. Miaka kumi na mbili ilikuwa imekatika katikati. "Mwaka wa hamsini na tisa hawakuwa hapa," alisema. "Walihama, wakarudi. Kutoka hapo kuja juu ni sita tu. Kanuni inasema kumi mfululizo. Mzee Mwenyekiti, mimi nasoma tu kile wadudu wamesema."

"Nyumba ikiachwa haikai bure," Nderitu alisema polepole. "Nyigu anajenga. Buibui anaingia. Mchwa anapanda. Hapa sioni hata mguu wa buibui. Mimi ningesema kulikuwa na sumu."

"Unaweza kuapa ni sumu?"

"Kuapa siwezi. Kioo yangu inaona wadudu. Sumu haioni."

"Serikali ilipuliza dawa huku mwaka huo?"

"Sijasikia."

Mzee Kipyego alimgeukia mkamuaji. "Okello. Mwaka huo mlikuwa wapi?"

"Hapa."

"Mbona hakuna dudu?"

Lazarus alifungua mdomo, akamtazama mkewe, akaufunga. Alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu la kweli. Kwa miaka saba hakuwahi kulitaja, hata wakiwa wawili peke yao, na aliona ni afadhali ekari tatu zipotee kuliko yeye awe wa kwanza kulisema. Huo ndio uliokuwa upendo wake, na siku hiyo ungewafukuzisha.

"Andika wamehama," Mzee Kipyego alisema kwa huzuni. "Nifanye nini?"

"Ilikuwa dawa ya ng'ombe," Hulda alisema.

Hakuinua sauti. Alikuwa amesimama kando ya kitanda, mikono imekauka tope la Jumanne kwenye kucha.

"Dawa gani, mama?"

"Ya dipu. Ile ya kuogesha ng'ombe. Baba Akello alichukua mkebe moja, mimi ndiye nilimtuma. Mwezi wa sita, mwaka huo wa hamsini na tisa. Kina mama wa kanisa ya Plateau walikuwa wanakuja kuomba kwangu, mara ya kwanza. Mimi sikutaka mtu akalie kiti yangu halafu aanze kujikuna." Alikwangua tope kwenye ukucha. "Nikapaka ukuta. Nikapaka kitanda, nikapaka chini. Asubuhi nikafagia kunguni karai mzima. Wakaja, wakaimba. Mmoja akaniambia, Hulda, nyumba yako ni kama ya mzungu. Nilifurahi sana."

Kibet alikuwa anaandika. Alifika kwenye neno mzungu, akasita.

"Nilikuwa na mtoto mwingine," Hulda alisema. "Awuor. Alikuwa anaanza kutembea, anashika ukuta hivi, akifika pale anaketi chini, analamba mikono. Alikuwa na meno manne. Kina mama walikuja siku ya Jumatano. Yeye amekufa Ijumaa."

Lazarus alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda bila kujua kwamba amekaa.

"Sisi tulisema ni homa," Hulda aliongeza. "Watu wote tuliwaambia homa. Lakini mimi nilijua, kwa sababu hata kuku wawili walikufa."

"Alizikwa wapi?" Mzee Kipyego aliuliza.

"Nyuma hapo, chini ya ule mti wa muwati. Bwana Miwani alikataza makaburi kwa shamba yake. Tulimzika Jumapili, yeye akiwa Eldoret kanisani. Tukapanda viazi juu, ndiyo isionekane." Kisha akamtazama Kibet, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulikuwa wa mwanamke yule aliyelinyang'anya blanketi la Esther. "Andika. Mbona umeacha? Andika kunguni walikufa, sisi tulikuwa hapa."

Kibet alitazama karatasi yake. "Mzee, niandike vipi?" alimwuliza mwenyekiti, na alikuwa ameanza kugugumiza. "Hapa kuna pahali pa miaka na pahali pa jina. Hiyo ingine hakuna pahali yake."

"Weka miaka," Mzee Kipyego alisema. "Kumi na mbili."

Nderitu alikusanya vipande vya ukuta kutoka kwenye sahani. Alivifunga vyote kwenye gazeti avipeleke Eldoret, isipokuwa kimoja, cha tabaka la sita, ambacho hakikuwa na kitu. Hicho alikiweka juu ya kitanda karibu na Lazarus, akachukua kofia yake, akatoka bila kusema kwaheri.

Ekari tatu zilipimwa wiki hiyohiyo kwa mnyororo, zikapewa namba thelathini na moja. Kibet mwenyewe alikuja kupigilia vigingi, ingawa haikuwa kazi yake. Cha nyuma alikipigilia mbali kidogo kuliko alivyoambiwa, ili ule muwati uingie ndani, na mpimaji alipouliza, akamwambia afuate kigingi.

Tundu lilibaki ukutani. Siku tatu, siku nne, na Hulda, ambaye hakuwahi kuruhusu ufa ulale siku mbili, alipita mbele yake akienda na kurudi kana kwamba halipo. Hakwenda kanisani Jumapili. Watu wa laini walimsalimia kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kusalimiwa nayo, na aliona kuwa afadhali wangemcheka kwa sababu ya kunguni. Lazarus alikamua ng'ombe, akarudi, akala, akakaa nje akiutazama ule mti. Kile kipande cha ukuta alikuwa amekizika huko, hakumwambia mtu.

Jumatatu mchana Esther alikuja. Mkono mmoja alibeba debe la udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, na begani alikuwa na blanketi. Alisimama uani, akalitoa blanketi begani, akaenda moja kwa moja kwenye waya wa nguo, akalitundika. Lilikuwa jambo la mazoea kwake. Kisha akaingia ndani na debe, akapiga magoti mbele ya tundu.

"Wacha," Hulda alisema. "Nitapaka mwenyewe."

"Utapaka lini?"

Esther alichota tope kwa kiganja, akalikandamiza ndani, akachota tena.

"Mwaka ile uliniambia blanketi yangu iko na watu," Esther alisema, akiendelea na kazi, amempa Hulda mgongo.

"Ilikuwa nao."

"Na ukuta yako?"

"Ilikuwa nao pia," Hulda alisema. "Wengi kuliko wako."

Esther alicheka kidogo puani. Alisawazisha kwa mkono mpaka mahali palipokuwa na tundu pakafanana na pengine pote, isipokuwa rangi, ambayo ingekuja na moshi. Akajipangusa mikono kwa nyasi.

"Awuor hakukaliwa matanga," alisema. "Mlimficha, hakuna mtu alikuja kulala hapa. Mtoto wa mtu hawezi kwenda hivyo, hata kama ni miaka saba. Leo mimi nimekuja kulala. Kesho wale wengine watakuja, nimeshawaambia."

Machozi ambayo Hulda hakuyatoa mbele ya kamati, wala mbele ya mumewe, wala mwaka ule chini ya muwati kwa kuogopa kusikika, yalianza kutoka yenyewe, na hakuyafuta. Nje mawingu ya saa tisa yalikuwa yamekusanyika upande wa Plateau, na matone ya kwanza yakaanza kugonga bati.

Hulda akatoka mbio mpaka kwenye waya, akalianua blanketi la Esther, akaliingiza ndani na kulitandika juu ya kitanda chake.